Tarumbeta tisa, wimbo mmoja, funguo tatu: nisaidieni kupanga nyimbo za kitabu

FundiCherehani_Vunjo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na ambao si wa huko, habari za kazi.

Mimi riziki yangu ni cherehani, lakini huu ni mwaka wa tatu ninashika kwaya ya tarumbeta ya mtaa wetu huku Vunjo. Muziki sikusomea. Nilianza kupuliza nikiwa darasa la sita, nikikaa nyuma ya mzee aliyekuwa akituongoza. Meno ya mbele yalipomtoka hakuweza tena kushika mdomo wa tarumbeta, na Jumapili moja baada ya ibada akanikabidhi ufunguo wa stoo na daftari lake. Ndivyo nilivyopata cheo. Hakukuwa na kura.

Tuko tisa. Tarumbeta tatu, fluglihoni moja kuukuu (jamaa ya tarumbeta, sauti yake laini), alto honi moja, tromboni mbili, yufonia moja (kama tuba ndogo) na tuba moja iliyolehemiwa mpaka sehemu nyingine lehemu ni nyingi kuliko shaba. Fluglihoni, tromboni ya kwanza, yufonia na tuba ziko kwa wazee. Tarumbeta ya kwanza anapiga binti niliyemfundisha mwenyewe, na tromboni ya pili kijana aliyefundishwa na mzee wa tromboni. Tarumbeta mbili zilizobaki na alto honi wanapiga vijana watatu waliojifunza kwenye bendi ya shule. Hao wanasoma nota vizuri kuliko mimi, na wanajua hivyo.

Miaka yote tumepiga kwa sikio. Mtu anasikiliza, anatafuta, anapata, wimbo unakwenda. Sasa mwezi uliopita alifariki bibi mmoja wa hapa jirani, muumini wa siku nyingi, na familia ikaomba jeneza likiteremshwa tupige "Kaa nami" bila waimbaji, sauti zote nne, kama ilivyo kitabuni. Taarifa nilipata jioni, mazishi ni kesho yake saa nane. Nikachukua kitabu chenye nota, nikakesha nikinakili sauti kwa mkono: ya kwanza kwa tarumbeta na fluglihoni, ya pili kwa alto honi na tarumbeta ya tatu, ya tatu kwa tromboni na yufonia, ya nne tuba. Mazoezi hatukupata, mvua ilinyesha asubuhi nzima.

Wapendwa, nikahesabu moja mbili, tukaanza. Sijui niwaelezeje. Kila mtu alikuwa anapiga "Kaa nami", ukimsikiliza mmoja mmoja utaitambua kabisa, lakini kwa pamoja ilikuwa kama magari matatu yanapiga honi kwenye daraja la njia moja. Mchungaji akafumba macho. Watu wakadhani anaomba. Tulifika mstari wa pili, mjukuu wa marehemu akaanza kuimba kwa sauti kubwa, umati ukamfuata, sisi tukashusha ala moja baada ya nyingine kimya kimya hapo migombani.

Tangu siku hiyo kuna vita. Wazee wanasema vijana wamepiga vibaya. Vijana wanasema, "Mwalimu, tumepiga kilichoandikwa." Nikamwita kijana mmoja na mzee wa fluglihoni, nikawaonyesha nota ileile kwenye karatasi. Kijana anabonyeza hivi, mzee anabonyeza vile. Kila mmoja ana uhakika. Halafu mzee akasema, "Toeni B wote tupatane." Mzee akatoa sauti bila kubonyeza kitu. Vijana wakabonyeza pistoni ya katikati, ikatoka sauti iliyo chini kidogo ya ile ya mzee. Nikafunga mazoezi, nikarudi kwenye suruali za watu.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, nani yuko sahihi, na nifanyeje bila kumfukuza mtu? La pili, baraza la wazee wa usharika wanataka kila Jumapili tupige nyimbo za kitabu robo saa kabla ya ibada, bila kuimba. Tukipiga beti nne zinazofanana watu wanaanza kuulizana bei ya ndizi. Mnapangaje wimbo wa zamani upigwe kwa ala tupu na bado uwe wimbo?

Samahani kwa urefu. Nilikuwa na mengi moyoni.

---

Kinanda_Dodoma

Amen mpendwa, pole sana. Mbona jambo rahisi. Kinanda kina kitufe cha kuhamisha ufunguo, yaani kupandisha au kushusha wimbo mzima. Weka −2, kinanda kitashuka toni nzima na kukutana na tarumbeta. Mimi nafanya hivyo kila Jumapili na kijana wetu wa tarumbeta, dakika moja tu.

---

FundiCherehani_Vunjo

Asante kaka, ila makaburini hakuna kinanda. Tuligombana wenyewe kwa wenyewe! Na hata nikipata kinanda, nikikishusha kumfuata kijana, wazee wanne watabaki juu.

---

Besi_Lushoto

Mwalimu fundi, pole kwa msiba na pole kwa aibu. Mimi nimepiga besi tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, sasa nina wajukuu. Hiyo vita yenu naijua, nimeiona kwenye sharika tatu. Nikuambie kwanza kwamba wote wako sahihi, wazee na vijana. Ndiyo maana haiishi.

Tarumbeta yako ni ya B flati (nusu toni chini ya B). Maana yake ukipuliza bila kubonyeza chochote, moja ya sauti zinazotoka ni ile ambayo kwenye kinanda inaitwa B flati. Hapo hakuna ubishi, bomba ni bomba. Ubishi uko kwenye jina.

Shule ya Kiingereza, ambayo ndiyo ya bendi za shule, za polisi na za Jeshi la Wokovu, inaiita sauti hiyo C na inaiandika C. Wana sababu nzuri. Kwao ala karibu zote huandikiwa kwa namna hiyo, hivyo mtu aliyezoea koneti (tarumbeta fupi) leo, kesho akipewa alto honi au besi, vidole vinabaki vilevile, anahama ala bila kusoma upya. Kwa jeshi linalohamisha watu kila mara hiyo ni neema. Bendi ya kwanza ya Jeshi la Wokovu ilikuwa baba mmoja na wanawe watatu, familia ya Fry, mjini Salisbury, Uingereza, mwaka 1878. Kenya walifika mwaka 1921, na matarumbeta yao yakaja nao.

Shule ya Kijerumani ni nyingine. Kule palikuwa na mchungaji Johannes Kuhlo, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufariki 1941. Yeye na baba yake, Eduard, walitaka tarumbeta zipige moja kwa moja kutoka kwenye nota za waimbaji, bila kunakili wala kuhamisha kitu. Kwa hiyo mpigaji alifundishwa kuita sauti kama kinanda kinavyoiita: bila kubonyeza ni B flati, basi. Kitabu cha nyimbo kinafunguliwa, waimbaji, kinanda na tarumbeta wanasoma ukurasa mmoja. Kuhlo alifanya kazi Bethel, karibu na Bielefeld, Ujerumani. Na hao watu wa Bethel ndio waliokuja kulea kazi ya misheni ya Usambara huku kwetu, ambako kituo cha Mlalo kilianza mwaka 1891, na wakaingia Bukoba mwaka 1910. Kwenu Kilimanjaro walikuja wamisionari wa Leipzig mwaka 1893, lakini desturi ya tarumbeta kanisani ni hiyohiyo ya Kijerumani.

Sasa tazama kilichotokea kaburini. "Kaa nami" kitabuni iko kwa E flati. Wazee wako na binti yako wamesoma Kijerumani, wakatoa E flati kamili. Vijana wawili wa tarumbeta wamesoma nota zilezile kwa Kiingereza, zikatoka toni nzima chini: D flati. Na yule wa alto honi, kama ala yake ni ya E flati, yeye kila nota inashuka hatua sita (ukihesabu na ile ya kuanzia), kwa hiyo alikuwa nyumba ya tatu kabisa, G flati. Magari matatu, umesema mwenyewe.

Na hilo la "toeni B" limenichekesha mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Mzee anasema B ya Kijerumani. Wajerumani B flati wanaiita B, na ile B ya kawaida wanaiita H. Kijana kasikia B, akabonyeza B yake ya Kiingereza, pistoni ya pili, ikatoka sauti ambayo kwenye kinanda ni A. Mzee huyo usimbishie. Mwambie tu aseme "toeni bila kubonyeza", maana sauti hiyo ya B flati inatoka wazi kwenye tarumbeta, fluglihoni, yufonia, hata kwenye alto honi ya E flati, na kwenye tromboni ni mkono uliorudishwa mpaka mwisho. Ndiyo maana bendi hupatana kwa hiyo.

Swali langu: hiyo fluglihoni kuukuu ina umbo gani? Ni ndefu kama tarumbeta, au imekunjwa kama yai?

---

FundiCherehani_Vunjo

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu nikamsomea mzee wa fluglihoni kwa simu. Akanyamaza, halafu akasema, "Mimi nilijua." Hajui alichojua, ila amefurahi.

Ina umbo la yai! Sisi tunaiita "kuku aliyeatamia". Umejuaje?

---

Besi_Lushoto

Marahaba mwanangu. Kuhlo alipenda fluglihoni kuliko tarumbeta, alisema inaimba kama mtu, na ile iliyopewa jina lake imekunjwa kama yai. Msiiuze kwa mtu wa vyuma chakavu. Ipeni wimbo wenyewe, tarumbeta kali zisiifunike.

Kuhusu kunakili upya kwa vijana: tarumbeta za B flati ziandikie toni moja juu. Wimbo wa B flati unakuwa C, wa E flati unakuwa F, wa F unakuwa G. Ukikutana na wimbo ulioandikwa kwa G au D, usijitese, vijana watapewa shapu (alama za kupandisha sauti) tatu au nne na watakulaani. Kitabu changu kinaandika "Cha kutumaini sina" kwa G. Sisi tunaushusha kwenda F, wazee wa sauti ya kwanza kanisani nao wanashukuru.

---

MwlSolfa_Rungwe

Bwana asifiwe mwalimu. Mzee wa Lushoto kaeleza vizuri, ila mimi nakuonea huruma wewe wa kukesha unanakili. Mimi ni mwalimu wa kwaya, Mmoravian, na nina njia ya mwanamke mvivu.

Tumia solfa. Kwaya zetu zote zinasoma do re mi, hata watoto. (Na wanaume wanaosema solfa ni ya Curwen, mchungaji wa Uingereza, wajue aliichukua kwa mwalimu wa kike, Sarah Glover wa Norwich.) Solfa haijali C wala B wala H. Halafu chini ya kila silabi andika vidole. Kwa sababu, mwalimu, fikiria: kijana na mzee wanapotaka kutoa sauti ileile kwenye tarumbeta ileile ya B flati, wanabonyeza pistoni zilezile. Vidole havina Ujerumani wala Uingereza.

Mfano, mstari wa kwanza wa "Kaa nami", do ikiwa E flati, sauti ya kwanza:

m – m – r – d, s – l – s – s – f – m

Vidole vya tarumbeta na fluglihoni:

1-2, 1-2, wazi, 1, (pumzi), wazi, 1, wazi, wazi, 1, 1-2

Umemaliza. Mzee na kijana wasome karatasi moja. Alto honi mwandikie vidole vyake peke yake, kwake do hii iko wazi, bila kubonyeza.

Sasa angalia hiyo pumzi niliyoweka, maana ndilo jibu la swali lako la pili. Wapigaji wengi wakiona do ni ndefu na so inayofuata ni ndefu, zote ndani ya kipimo kimoja, wanaziunganisha na kuvuta pumzi baada ya so. Imba hivyo uone: "Kaa nami ni… usiku tena." Umemkata mtu ulimi! Maneno yanasema "Kaa nami", koma, "ni usiku tena". Pumzi iko kwenye koma, kabla ya so. Asiyesikia maneno kwa masikio atayasikia kwa pumzi zako. Mimi siruhusu mtu wa ala apige wimbo asioweza kuuimba beti zote kwa kichwa. Wananiita mkoloni. Sawa tu.

Kuhusu beti kufanana. Wimbo huu nilipanga hivi mwaka juzi, na unatosha kwa watu tisa.

Kianzio: mstari wa mwisho tu, fluglihoni na tromboni mbili, polepole.

Beti ya kwanza: wote, kama kitabu, kwa sauti ndogo. Msiongeze chochote. Watu wanahitaji kuutambua kwanza.

Beti ya pili: tarumbeta zote zishushwe magotini, midomo ipumzike, robo saa ni ndefu kwa mdomo. Wimbo apewe yufonia, oktava chini (kutoka do hadi do ya chini yake). Hapo kuna mtego: yufonia akifika kwenye do yuko mahali pa besi, kwa hiyo tuba lazima ashuke oktava, la sivyo watakanyagana. Tromboni mbili wachukue sauti ya pili na ya tatu, laini kabisa.

Beti ya tatu: wimbo urudi kwa fluglihoni, na yule binti wa tarumbeta ya kwanza apige sauti ya tatu lakini oktava juu. Inatokea kama sauti mpya, na hujatunga nota hata moja, imo kitabuni.

Beti ya mwisho: wote, na kinanda kama kipo, na mchungaji awaambie watu wasimame waimbe.

Sisi kwetu kipimo ni alfajiri ya Pasaka makaburini. Ni desturi ya Wamoravian tangu Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Giza bado, watu wana usingizi na baridi ya Rungwe unaijua. Wimbo usiotambulika kwenye nota tano za kwanza pale haukusaidii.

---

Saksi_Mwanza

Habari zenu walimu. Mimi ni kijana wa saksofoni, napiga nyimbo za kitabu na kurusha mtandaoni. Naona mnasumbuka na mambo ya vidole, siku hizi watu wanataka ladha. Weka mdundo nyuma, weka kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kisasa, piga ukizunguka wimbo. Nyimbo hizi zina zaidi ya miaka mia, lazima zivalishwe nguo mpya mwalimu fundi, wewe si ndiye fundi nguo?

---

MwlSolfa_Rungwe

Kijana, nguo mpya mtu huvalishwa akiwa bado anajulikana ni nani.

---

Saksi_Mwanza

Haha mama nimekoma. Ila niseme kweli. Nilipiga "Ni salama rohoni mwangu" nikaipamba kwelikweli, mbwembwe kila nota. Nikamchezea bibi yangu kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Huu ni wa nani?" Na ni wimbo anaoimba akichambua mchele kila siku.

Nikarudia. Beti ya kwanza saksofoni peke yake bila pambo, mdundo hakuna. Kwenye kiitikio nikajirekodi mara mbili, kwa sababu Philip Bliss alipoutungia huo wimbo muziki mwaka 1876 aliweka sauti za chini zijibu: wa juu wanasema "ni salama", wa chini wanarudia. Mimi mwanzoni majibu hayo niliyaacha nikaona yananipotezea nafasi ya mbwembwe. Safari hii nikayaweka, bibi akajibu mwenyewe kabla ya saksofoni ya pili. Mapambo nikayabakiza beti ya mwisho.

Kwa hiyo mwalimu fundi kama una tarumbeta na tromboni, wimbo huo ni wenu. Tarumbeta ziulize, tromboni zijibu. Na mdundo sijauacha, naweka bado, ila kwa sauti ya chini.

---

Kinanda_Dodoma

Mimi na −2 yangu nimekaa pembeni najifunza.

---

FundiCherehani_Vunjo

Wapendwa, nimerudi na majibu. Zimepita Jumamosi mbili.

Sikuandika kwenye madaftari. Nina karatasi za kaki, zile kubwa tunazokatia vipimo vya mashono. Nikachukua nne, nikaandika solfa kwa kalamu nene, vidole chini yake kwa rangi nyekundu, nikazibana ukutani kwa pini za cherehani. Wazee wanaziona bila miwani. Kijana mmoja aliangalia zile nyekundu akasema, "Mwalimu, kumbe babu anabonyeza kama mimi!" Mzee wa fluglihoni akamjibu, "Wewe ndiye unabonyeza kama mimi." Hapo vita ikaisha, angalau hiyo.

Mzee wa tuba amekataa karatasi. Anasema alisoma kitabu kabla sijazaliwa na atasoma kitabu. Nimemwacha, maana kwa maelezo ya mzee wa Lushoto yeye yuko kwenye ufunguo sahihi siku zote. Nilichomwomba ni kushuka oktava beti ya pili tu. Alifikiri kidogo, akasema pumzi ya huko chini ni ghali. Lakini alishuka.

Alto honi ilinisumbua kuliko zote. Nilimwandikia kijana vidole vya tarumbeta kwa kusahau, na mara ya kwanza tukasikia tena honi ya darajani. Mwl wa Rungwe ulinionya, kosa ni langu. Nikaandika upya usiku huohuo, suruali ya mtu ikachelewa siku moja.

Pumzi ndiyo ilichukua Jumamosi nzima ya pili. Binti wa tarumbeta ya kwanza ana kifua, anaweza kwenda mstari mzima bila kupumua, na anajivunia. Nikamwambia pumua kwenye koma hata kama huna haja. Hakutaka. Basi nikawaambia wote washushe ala, tuimbe, halafu tupige, tuimbe, tupige. Mara ya nne alipumua bila kuambiwa, na yule wa tarumbeta ya pili akapumua naye palepale.

Jana familia ya yule bibi walikuwa na ibada ya shukrani nyumbani kwao. Niliomba nafasi mwenyewe, nilikuwa nadaiwa. Tukasimama palepale migombani, wengine wakinitazama kwa wasiwasi, mchungaji naye yupo. Kianzio kikaenda. Beti ya kwanza wakanyamaza. Beti ya pili, yufonia alipoingia peke yake na tarumbeta ziko magotini, nikasikia mtu ananong'ona wimbo nyuma yangu, halafu wengine, midomo imefungwa. Hakuna aliyewaambia. Beti ya tatu fluglihoni ikapaa na binti akaingia juu yake. Sikuangalia watu, nilikuwa nahesabu.

Mzee wangu aliyenikabidhi ufunguo wa stoo alikuwa amekaa mlangoni na fimbo, anapiga vipimo chini. Tulipomaliza nikamfuata kumsalimia. Akaniambia, "Beti ya tatu mmekimbia." Ni kweli, tulikimbia.

Jumapili ijayo tunaanza robo saa ya kabla ya ibada. Nimepanga "Mwamba wenye imara" kwa B flati, na "Ni salama" ya kijana wa Mwanza, tarumbeta ziulize na tromboni zijibu. Mdundo hapana, baraza lingenifukuza.

Ombi moja la mwisho. Kuku wetu aliyeatamia, kitasa chake cha tatu (kinachofanya kazi ya pistoni) kinakwama, mzee anakirudisha kwa kidole. Fundi wa Moshi mjini kaniambia hana kipuri cha ala kuukuu namna hiyo. Mwenye kumjua mtu wa kukitengeneza, Arusha, Tanga, popote, aniandikie hapa. Nauli nitatafuta.